Nyumba Kati ya Njia na Kijito

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asihangaike. Kisa chenyewe ni kifupi, na Jotham angetamani kiwe kirefu zaidi ili apate pa kujifichia.

Mwaka ule vyama vingi vilipoingia, na mjumbe wa nyumba kumi akabaki kuwa mtu wa chama tu, mji wa Tukuyu ulitakiwa ugawanywe mitaa. Kila mtaa uwe na mwenyekiti wake, daftari lake na mhuri wake. Kazi ya kuchora mipaka ya upande wa bondeni ilimwangukia Jotham, karani mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ofisini.

Bondeni palikuwa na njia ya miguu, na chini yake kijito. Kati ya njia na kijito palikuwa na nyumba moja tu, imezungukwa na migomba, ya mjane aitwaye Tusekile. Binti yake, Neema, alikuwa amerudi kutoka Tunduma alikoolewa na dereva wa malori. Mume alikuwa amekwisha kufa, na Neema mwenyewe amebaki mifupa na macho. Watu walisema "ule ugonjwa", wakaishia hapo.

Nsajigwa, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa Mtaa wa Mikaratusi, alisema nyumba ile si ya kwake, ni ya kule chini. Cosmas, mwalimu mstaafu aliyegombea Mtaa wa Kijitoni, alisema ni ya Mikaratusi tangu zamani. Jotham alitaka kuwaridhisha wote wawili. Kwenye karatasi ya Mikaratusi akaandika kwamba mtaa unaishia njiani. Kwenye karatasi ya Kijitoni akaandika kwamba mtaa unaanzia kijitoni. Kila mmoja akatia sahihi karatasi yake. Hakuna aliyeziweka mbili hizo pamoja.

Mwaka mmoja baadaye Neema alizidiwa. Siku hizo matibabu yalikwisha kuwa ya kuchangia, na asiyejiweza alitakiwa aje na barua ya mwenyekiti wa mtaa wake. Nsajigwa alifungua daftari, jina hakuliona. Cosmas naye vivyo hivyo. Wakamtuma mama mtu ofisini, na Jotham, anayejua kila kitu, akamwambia arudi kwa mwenyekiti wake. Neema alirudishwa kutoka dirisha la hospitali. Akafa njiani, amepakiwa kwenye baiskeli ya jirani.

Tulimwacha Jotham penye kaburi, ameshika koleo.

Basi alichimba. Alichimba kuliko vijana. Mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka, ilikuwa ikinyesha, na udongo mweusi ukamganda mpaka magotini. Watu walipotaka kumpokea koleo alikataa kulitoa.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba watu walikuja wote. Mikaratusi walikuja, na Kijitoni walikuja. Nsajigwa alileta mikungu miwili ya ndizi na akatandika turubai lake mwenyewe. Cosmas ndiye aliyeongoza sala, na sauti ikamkatika katikati. Hakuna aliyeuliza marehemu ni wa mtaa gani. Walivuka njia, walivuka kijito, wakaketi pamoja kwenye majani ya migomba kama watu ambao hawajawahi kuchorewa mstari.

Jotham alijiambia kwamba basi mstari haukuwa na ubaya. Ni karatasi tu. Akarudi nyumbani akaoga, akalala vizuri.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kulala vizuri.

Jumatatu alitakiwa kuingiza kifo kile kwenye takwimu za mwezi. Utaratibu ni rahisi: unatafuta jina la marehemu kwenye daftari la wakazi wa mtaa wake, unalikata kwa kalamu nyekundu, unaandika tarehe pembeni. Alifungua daftari la Mikaratusi, akafungua na la Kijitoni. Akakaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka wino ukadondoka na kuchafua jina la mtu mwingine, mzee Ambilikile, mzima wa afya.

Huwezi kumfuta mtu ambaye hukumwandika.

Aliyafunga madaftari. Mwezi ule, kwa hesabu za ofisi, bondeni hakufa mtu.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, hodi ilipigwa mlangoni. Tusekile aliingia, akaamkia kwa Kinyakyusa, akakaa kwenye benchi chini ya kalenda. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi. Jotham akamwuliza amsaidie nini, naye akajibu kwamba amefuata ile barua.

Jotham alidhani uchungu umemchanganya. Akamweleza polepole kwamba mgonjwa aliyeombewa barua hayupo tena.

"Najua, tata," alisema yule mama, akimwita baba kwa lugha yao. "Nimemzika. Sasa nataka barua inayosema alikuwa anakaa wapi. Ameacha mtoto. Mtoto akikua ataniuliza mama yake alikuwa mtu wa wapi, na mimi nitamwonyesha nini?"

Jotham akasema atalishughulikia. Akamwomba aje kesho.

Akaja kesho. Akaja na keshokutwa. Kila siku saa nne, hodi, salamu, benchi. Hakulalamika wala hakunung'unika. Alikaa mpaka saa sita, akaaga, akaondoka. Kuandika barua ile kungemchukua Jotham dakika kumi. Lakini barua ingetakiwa kutaja mtaa, na mtaa ungetakiwa kuonekana kwenye ramani, na ramani ingemuumbua mchoraji. Kwa hiyo kila siku alisema kesho.

Siku ya nane Tusekile hakuja.

Saa nne ilifika benchi likiwa tupu, Jotham akamshukuru Mungu, na papo hapo akasikia hodi.

Aliinua kichwa, akasema karibu. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za ofisi kama unavyoshuka siku zote miezi ile. Akamwuliza Pudensiana, mpiga chapa, kama amesikia mtu. Pudensiana, mwanamke wa Bukoba aliyepangiwa kazi huku na ambaye hakuwahi kuizoea baridi, alimtazama juu ya mashine yake akasema hajasikia kitu.

Kesho yake tena. Sauti ni ile ile, taratibu, ya mtu anayejua hatapokewa. Na keshokutwa. Ikawa ikikaribia saa nne Jotham anatoka nje, anazunguka jengo, anajifanya anakagua mifereji. Hodi ikamfuata huko huko. Aliisikia mgongoni, akiwa peke yake kwenye nyasi zilizolowa.

Alikonda. Mkewe akamwona.

Mkewe ni Lightness, mzaliwa wa Machame, muuguzi. Walikutana chuoni Mbeya, wakaoana, wakajaliwa binti mmoja, Bupe, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, na nyumba ya watu wawili haina mahali pa kuficha kitu kwa muda mrefu.

Jumapili moja baada ya ibada Lightness alikuwa anamenya ndizi jikoni, mvua inapiga bati. Jotham alikuwa mlangoni. Alikwisha kuamua kwamba leo atasema. Alikuwa ametayarisha na neno la kuanzia.

Lightness akamtangulia. Aliweka kisu chini.

"Baba Bupe, yule marehemu wa kule bondeni. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Jotham hakuelewa.

Akamweleza. Alikuwa zamu ya dirishani siku ile, foleni ndefu, na msimamizi alikwisha kumwonya mara mbili kuhusu kupokea watu wasio na barua. Yule binti alifika ameegemea bega la mama yake. Lightness aliomba barua, hawakuwa nayo. Akawaambia waifuate mtaani kwao, warudi. Hakuwafokea. Alisema kama anavyowaambia wote.

"Unajua alinijibu nini? Alisema, asante dada. Mtu anakufa, ananishukuru."

Tangu siku hiyo, alisema, kila mgonjwa anayemwambia asante humsikia yule. Amefika mahali anawapokea watu bila kuwatazama. Akajifuta uso kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, na uso ukabaki na alama nyeusi. Kisha akauliza swali ambalo Jotham aliliona likija kama mtu anavyoona gari limekatika breki kwenye mteremko.

"Walisema walifika na ofisini kwenu. Nani aliyewapokea pale?"

Angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu kwamba wanaopokea watu ni wengi, pengine alikuwa Pudensiana.

"Pudensiana," alisema Lightness taratibu, kama anayeliweka jina mahali. "Huyo Mungu amwonyeshe. Mimi nilifuata sheria niliyopewa. Yeye barua ilikuwa mikononi mwake."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Dhambi ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Hii ya pili ilikuwa na uso, na uso huo Jotham aliuona kila asubuhi juu ya mashine ya kuchapa. Juma lile lile Pudensiana alimwuliza amemkosea nini mkewe, maana walikutana mlangoni mwa kanisa, akampa mkono, na Lightness akapita kama anayepita nguzo. Alisema yeye hapa hana ndugu, na mama Bupe ndiye mtu aliyemfundisha hata kuwasha mkaa uliolowa. Jotham akamwambia ni uchovu wa zamu.

Na kweli zamu za Lightness ziliongezeka. Mara tatu kwa juma alichelewa kurudi, viatu vimejaa tope. Alisema wauguzi wawili wamehamishwa, wamebaki wachache. Jotham hakuuliza zaidi. Mwenye jambo lake la kuficha hana nguvu ya kuchunguza la mwenziwe. Tena alishukuru, kwa sababu saa zile za peke yake alikuwa anazitumia kukaa kitandani, mikono kwenye masikio.

Ikapita miezi miwili namna hiyo.

Alhamisi moja bosi wake, mzee Lazaro, alimwita chumbani kwake. Jotham aliingia akidhani limefumuka. Ajabu ni kwamba moyo wake ulikuwa mwepesi. Alitaka limfumukie.

Mzee Lazaro alikuwa anacheka. Alimwambia akae. Akamkumbusha kwamba miaka mitatu nyuma watumishi wote walijaza fomu za kuomba kiwanja, na kwamba siku hizi mambo yamefunguka, anayeweza kujenga ajenge, na mji usiopimwa hauwezi kukua. Wataalamu walipitia ramani za mitaa kutafuta maeneo yaliyo wazi. Na ramani safi kuliko zote, alisema, ilikuwa ya Jotham.

"Mwenyewe umetuonyesha. Kuna kipande bondeni hakimo Mikaratusi wala Kijitoni. Hakina mtu. Tumekikata viwanja vitatu, na kilicho bora tumesema apewe aliyekichora."

Akamsogezea barua. Kitalu C, kiwanja namba saba. Jina la Jotham lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa. Alizijua herufi zile: ile *a* iliyokatika mkia ni ya mashine ya Pudensiana.

Aliuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kama kuna mtu aliyekwenda kupaona. Mzee Lazaro alisema wapima walikwenda jana. Kweli kuna kibanda cha mama mmoja na migomba kadhaa, lakini hayumo kwenye daftari lolote. Kisheria ni mvamizi. Bikoni, yale mawe ya mpaka, zimekwisha kuwekwa, moja iliwasumbua kidogo kwa sababu ilianguka kwenye udongo laini, kama pamechimbwa karibuni. Tangazo litabandikwa leo.

Jotham alisema hakitaki.

Bosi akaacha kucheka. Akasema mtu anayekataa kiwanja lazima aandike sababu, na sababu itasomwa na kikao, na kikao kitauliza maswali. Je, alikuwa na sababu ya kuandika?

Jotham aliichukua barua, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoka. Hakuchukua hata mwavuli.

Njiani alijiambia kwamba anakwenda kuungama. Alilisema hilo kwa kila hatua, akipita maduka, akipita safu ya mikaratusi, akianza mteremko. Lakini tuseme kweli, maana kisa hiki hakina faida kikisemwa nusu. Alikuwa anakimbia. Na mtu anayekwenda kuungama hana haja ya kukimbia. Alitaka kuwahi lile tangazo kabla halijasomwa na mtu. Angelichana kwanza. Kuungama kungefuata, kwa utulivu, siku nyingine pengine.

Alivuka njia ya miguu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuivuka tangu mazishi, na kabla ya mazishi hakuwahi kuivuka kabisa. Ramani ile aliichora akiwa amesimama upande huu, viatu vikavu.

Jiwe la zege, jeupe, jipya, lilikuwa limesimama kichwani mwa kaburi la Neema. Mtu asiyejua angedhani ni la kumbukumbu. Juu yake paliandikwa namba.

Tusekile alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, chini ya upenu, karatasi ipo magotini. Pembe zake nne zilikuwa zimetoboka kwa misumari. Alikwisha kuibandua mwenyewe.

"Ugonile, tata," alimwamkia, kama kwamba wamekutana benchini jana tu. "Umekuja wakati mzuri. Watu wamekuja kunipigilia karatasi mlangoni, wakaondoka. Nina mgeni wangu anayejua kusoma, lakini ameshuka kijitoni kuchota maji. Nisomee wewe."

Akamnyooshea.

Jotham aliishika. Matone kutoka kwenye nywele zake yalidondokea herufi. Angeweza kusoma kitu kingine. Hilo nalo alilifikiria, msomaji, wala tusimtakase. Angeweza kusema ni tangazo la chanjo ya kuku, akaitia mfukoni, akaondoka nayo, na yule mama asingejua.

Alisoma. Alisoma tarehe na namba ya kumbukumbu. Alisoma kwamba eneo la wazi lililopo kati ya njia ya miguu na kijito limepimwa. Alisoma kwamba asiye na hati aondoe mali zake katika siku thelathini.

Tusekile alisikiliza bila kugeuza kichwa. Aliuliza swali moja tu.

"Wamempa nani?"

"Jotham, mama."

"Jotham yupi?"

"Mimi."

Kisha yakamtoka yote, kwa utaratibu mbovu, la mwisho kabla ya la kwanza. Alisema juu ya ile njia na kile kijito. Alisema kwamba Nsajigwa hakukosea na Cosmas hakukosea, madaftari yao yaliandikwa hivyo, na aliyeyaandika ni yeye. Alisema alijua siku ile ile alipomwambia arudi kwa mwenyekiti wake, kwamba hana mwenyekiti. Alisema hata Pudensiana hakuhusika, kwamba jina lake alilitaja yeye nyumbani kwake, kwa mkewe, kwa sababu aliogopa. Sauti yake haikuinuka. Alikuwa kama mtu anayesoma sehemu ya pili ya ile karatasi.

Alipomaliza alisubiri kufukuzwa. Alisubiri laana. Yule mama alikuwa anatazama juu ya bega lake, kuelekea kwenye migomba, na usoni mwake palikuwa na huruma, na huruma ile haikuwa ya Jotham.

Ndoo ilitua chini taratibu, bila kumwaga.

Jotham akageuka. Kwenye kijia kinachotoka kijitoni alikuwa amesimama Lightness, viatu vimejaa tope, sare ya kazi imepandishwa na kufungwa kiunoni. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa Neema, amelala, shavu limebanwa kwenye kitenge cheusi cha bibi yake. Alikuwa amebebwa kwa mazoea, kama anayebebwa hivyo siku nyingi.

Amesimama pale tangu lini, Jotham hakujua. Alimtazama usoni atafute jibu, asilione.

Lightness alipita mbele yake bila kumgusa. Akaenda akasimama karibu na kigoda, na Tusekile akainua mkono akamshika sketi, kama mtu anavyomshika binti asiondoke. Mtoto alijinyoosha, akalala tena.

"Soma tena," alisema Lightness. "Tangu mwanzo. Na hayo mengine yote, useme tena mbele yangu."

Jotham akaifungua karatasi, akautafuta mstari wa kwanza.